Kisima cha Liyongo juu ya kipande cha mvule

Fumo Liyongo hakufia kitandani. Alichomwa sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Wengine husimulia kuwa aliyemchoma ni mwanawe, wengine mpwawe. Akaamka na uchungu wake, akashika upinde, akatoka hadi kisimani ambako mji mzima uliteka maji, akapiga goti, akapachika mshale, akavuta. Roho ikamtoka vivyo hivyo, goti chini na upinde mkononi. Watu wakaja na mitungi yao, wakamwona kwa mbali, wakatimua mbio. Siku zikapita mji hauna maji, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsogelea maiti.

Bibi yangu akifika hapo alikuwa akinyamaza kidogo. Kisha anatutazama mmoja mmoja: "Mwajua kiu ni nini, wajukuu zangu?" Sisi tuko mkekani, glasi za sharubati mkononi, hatujui lolote. Lakini yule mtu aliyepiga goti kisimani hakunitoka kichwani. Mwaka huu nimemtengeneza. Nilianza masika yakiisha, nikamaliza kaskazi imekwisha kuanza kuvuma, kazi ya jioni za wikendi tu. Ni kisanamu cha rezini, na kitako chake ni kipande cha mvule cha sentimita 7 kila upande.

Wenzangu wa kazi hii ya visanamu wanajua kwamba ukisema "fantasia" kila mtu anafikiria majoka, mazimwi na mashujaa wa misitu ya Ulaya ya kaskazini. Si ajabu. Kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, imekuwa ikiandaa Golden Demon, mashindano ya kupaka rangi visanamu, tangu 1987, mshindi mkuu hukabidhiwa upanga wa kweli, na vizazi kadhaa vya wapakaji vimejifunza kupitia visanamu vile. Mimi pia. Nimepaka majoka mengi na nayapenda kwa dhati. Ila nilifika mahali nikajiuliza kwa nini mkono uliokwisha zoea kupaka majitu ya wengine haujawahi kupaka jitu la kwao.

Ugumu wa kazi hii niliuona kabla sijagusa kisu. Kisanamu cha kawaida kina ujumbe mmoja: huyu ni shujaa, huyu amekasirika, huyu amechoka. Huyu wangu alihitaji kusema mawili yanayopingana. Ukiwa mbali, yu hai na atakuua. Ukiwa karibu, amekufa. Watu wa mji waliona la kwanza. Mamaye, aliyekwenda hadi pale kumbembeleza mwanawe, ndiye aliyefika mahali pa kuliona la pili. Mmarekani mmoja wa Chicago, Shep Paine, aliyefariki 2015, aliwafundisha wengi kwamba mandhari na kisanamu lazima visimulie hadithi moja. Hilo nililisoma zamani nikalikubali kwa mdomo. Safari hii ndipo nililielewa kwa vidole: kitako si kiti cha kisanamu, kitako ndicho kinachomwambia mtazamaji asimame wapi.

Basi nikaanza na kitako.

Kwanza kulikuwa na suala la ujitu. Utamwonyeshaje mtu kuwa ni mrefu kupita kiasi kama yuko peke yake? Hakuna njia, mpaka vitu vinavyomzunguka viwe vidogo. Kisanamu changu ni cha milimita 75, kipimo ambacho kwa kawaida hulingana na 1/24, yaani sentimita moja ya kisanamu ni sentimita 24 za mtu halisi. Kila kitu kingine, yaani kisima, mtungi, kata, nyayo, nilikitengeneza kwa kipimo cha 1/32, kile cha visanamu vya milimita 54. Ukipiga hesabu, mtu wa milimita 75 katika dunia ya 1/32 ana urefu wa karibu mita 2.4. Mtazamaji hapigi hesabu hiyo. Anaona tu kwamba ukingo wa kisima, ambao mtu mzima angeuegemea kwa kiuno, haufiki begani mwa huyu mtu aliyepiga goti kwa sababu yeye ni mkubwa mno, na moyo wake unashtuka kidogo bila kujua kwa nini.

Kwa ajili ya kisima nilikwenda Gede. Kwao Liyongo ni kaskazini zaidi, Pate na Ozi, lakini Gede ndipo ninapoweza kwenda na kurudi siku moja, na visima vya mawe vya pwani yetu ni ndugu. Mji ule ulistawi karne ya 15, ukahamwa karne ya 17, na msitu ukaufunika. James Kirkman alianza kuuchimbua 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nilikaa muda mrefu kando ya kisima cha msikiti mkuu nikipiga picha za kitu ambacho watalii hawakipigi: namna jiwe la matumbawe linavyooza. Chokaa hutoka kwanza, vipande vipande kama ukoko. Kisha jiwe lenyewe linaonekana, kijivu kwa juu, lakini ndani ya vijitundu vyake kuna rangi ya malai iliyochakaa, na pale chini kivuli kisipoondoka, kuna kijani karibu na cheusi.

Niliporudi nyumbani jambo la kwanza nililotaka ni kutumia tumbawe lenyewe, kipande cha tofali la jengo. Likakataa. Jiwe la kweli lina vitundu vya ukubwa wa kweli, na ukikiweka kipande hicho kando ya mtu wa milimita 75, kila kitundu kinakuwa pango la kuingiza kichwa. Mawe lazima yapunguzwe kama watu wanavyopunguzwa. Kwa hiyo nikatumia povu gumu, lile wanalotumia mafundi wa vyumba baridi, nikakata matofali madogo yasiyolingana, nikayabiringisha juu ya karatasi ya foili niliyoifinyanga kuwa donge, halafu nikayachomachoma kwa mswaki wa zamani niliopunguza nywele zake. Vitundu vikatoka vidogo sana, vya kuonekana pale tu unapovitafuta. Juu yake nikapaka plasta laini kwa kidole na kuiacha ipasuke yenyewe. Sehemu mbili nikaibandua kwa ncha ya wembe.

Mdomo wa kisima nikauchora mifereji minne ya kamba. Kisima kilichotumiwa na vizazi hukatwa na kamba polepole, na mfereji haukai katikati ya jiwe, unakaa pale mtu anaposimama vizuri. Nikaiweka yote minne upande mmoja, upande anaotazama Liyongo. Hapo ndipo wanawake husimama. Hapo ndipo mshale unapoelekea.

Shimo lenyewe lilinipa taabu. Nilitaka maji yawe chini, yaonekane kama jicho jeusi, kwa hiyo nilimwomba fundi seremala wa mtaa wetu anitoboe tundu la milimita 25 lenye kina cha sentimita 4 ndani ya ule mvule. Nikalipaka rangi ndani, nikachanganya epoksi, nikamimina yote kwa mkupuo mmoja. Asubuhi nikakuta mapovu yamejaa tele, yamegandia humo ndani, maji yanafanana na soda. Nikarudi kwa fundi nimeshika kile kipande kama mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akakigeuza juani, akakitazama. "Mwanangu, mbao hii yapumua. Mbona hukuiziba kwanza?"

Pumzi zenyewe ndizo zilizokuwa zikipanda usiku kucha kutoka kwenye vinyweleo vya mti. Akanitobolea upya, milimita moja zaidi, hakutaka malipo. Mara ya pili nilipaka vanishi ndani mara tatu, nikasubiri siku mbili, nikamimina epoksi tabaka la milimita 3 tu, kila tabaka likisubiri siku nzima. Katika tabaka la kwanza niliweka tone la rangi ya kijani iliyokolea na kahawia, la pili tone dogo zaidi, la mwisho sikuweka kitu. Ukiinama ukatazama, kina kinakwenda mbali kuliko kile kipande cha mti kilivyo kirefu.

Kisanamu chenyewe kilikuwa mpiga mshale wa kigeni, amepiga goti, kofia ya kitambaa kichwani, buti miguuni, podo la ngozi mgongoni. Nilikipenda kwa sababu ya mabega. Aliyekichonga alijua upinde unavutwa na mgongo, si na mkono. Nikakata kofia na buti, nikaacha mwili. Kikoi nilikijenga kwa ule udongo wa epoksi wa vipande viwili, buluu na manjano, unaoukanda mpaka uwe kijani. Vitabu vinasema una saa moja na nusu ya kuuchezea. Kwa joto la Mombasa una nusu yake, kwa hiyo vipande vyangu hukaa kwenye friji kando ya maziwa, na jikoni wameshazoea.

Miguu ilinichukua wiki mbili. Mtu akipiga goti pekupeku, unyayo wa nyuma unaonekana wote, na vidole vinakunjika chini ya uzito. Nilimpigisha goti mdogo wangu mkekani nikampiga picha kutoka kila upande. Nikagundua kitu ambacho sikukijua japo nina miguu yangu mwenyewe: kidole kikubwa hakikunjiki kama vingine, kinasukuma, na ngozi ya kisigino inajikunja mikunjo mitatu midogo. Ile mikunjo mitatu ipo kwenye kisanamu. Haizidi milimita moja kila mmoja.

Praima, ile rangi ya kwanza inayoshikilia nyingine, niliipuliza siku ya mawingu, kusi likiwa bado na unyevu, ikatua kama unga wa ngano. Nikaiosha yote kwa spiriti, nikangoja jua. Tangu siku hiyo napaka praima kwa brashi na sijutii.

Sasa ngozi. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mafunzo mengi yanapotuacha njiani. Seti nyingi za rangi zinazoitwa "rangi za ngozi" zimetengenezwa kwa ngozi nyeupe, na ushauri unaopewa kwa ngozi nyeusi ni mfupi: anza na kahawia, ongeza nyeupe. Ukifanya hivyo unapata mtu aliyepakwa jivu. Ngozi nyeusi haing'ai kwa kuongezewa weupe. Ndani yake kuna wekundu, na juu yake kuna anga. Mtazame mvuvi anayetoka majini asubuhi. Begani utaona samawati, ni mbingu iliyoakisiwa. Chini ya kwapa utaona zambarau. Kati ya viwili hivyo kuna kahawia yenye joto, karibu na machungwa pale damu ilipo karibu na ngozi: masikio, viungo vya vidole, midomo.

Nilianza na kahawia nzito iliyochanganywa na buluu ya usiku kidogo. Vivuli nikavipa zambarau. Nikapanda taratibu kwa kahawia nyekundu, halafu udongo wa manjano, kila tabaka jembamba kiasi kwamba likipakwa kwenye ukucha unaona ukucha. Tabaka kama 20 mgongoni, hata zaidi. Mwisho kabisa, kwenye ncha za mabega na kwenye mfupa wa shavu, nikagusa kijivu cha samawati, kidogo sana, kisha vanishi isiyong'aa sana wala kufifia, kwa sababu ngozi ya mtu aliyekimbia akiwa na uchungu ina jasho.

Rangi zangu nazihifadhi kwenye kijisanduku chenye sponji iliyolowa na karatasi ya kuokea juu yake, ndiyo njia pekee ya akriliki kudumu katika upepo huu wetu. Maji yale huota ukungu haraka. Dawa yake ni shaba. Chini ya sponji naweka senti 10 ya zamani, ile ya Afrika Mashariki yenye tundu katikati, niliyoachiwa na bibi. Ukungu hauji. Nilikuwa katikati ya kupaka kitovu cha Liyongo siku niliyoinua sponji kubadilisha maji nikaiona ile senti imekaa pale, ikabidi niweke brashi chini kwa muda.

Kisha ikaja kazi ya kumuua.

Sikutaka damu nyingi wala uso wa mateso. Nilimtaka awe hai kwa asilimia kubwa, na kifo kiingie kwa kunyang'anya vitu vidogo. Nikaanza na wekundu. Midomoni nikaupoza kwa tone la kijani, vidoleni vilevile, masikioni nikaufuta kabisa. Begani nikauacha, maana begani ndiko mtu wa mbali anakotazama. Jasho likabaki mgongoni tu, usoni nikalikausha kwa vanishi ya mati, ile isiyong'aa kabisa.

Macho nikayaacha wazi. Kwa kawaida kila mpakaji humaliza jicho kwa tone la vanishi ya kung'aa, na hapo kisanamu kinazaliwa. Ukifanya kazi hii miaka mingi unalisubiri tone lile kuliko jambo lolote. Safari hii brashi ilikuwa tayari mkononi, na vanishi tayari kwenye ncha. Nikaifuta kwenye kitambaa. Nikayapaka macho mati, mara mbili, nikaizima hata ile nukta ndogo ya nyeupe niliyokuwa nimeiweka wiki iliyotangulia. Ukiwa umbali wa mkono huoni tofauti yoyote, unaona mtu anakulenga. Ukisogea mpaka pumzi yako imguse, unaona hakuna mtu mle.

Sindano sikuipaka. Ni unywele mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme, milimita 4 tu zimejitokeza, zimefichwa na kivuli cha mkono wa upinde. Kutoka mbele huioni. Inaonekana kwa mtu anayetazama kutoka kisimani, juu kidogo, yaani mahali angesimama mamaye. Itapoteza mng'aro na miaka, itaingia weusi, kisha labda kijani. Nimeiacha bila vanishi makusudi ili izeeke kama inavyotaka.

Uzi wa upinde ni nyuzi moja niliyoichomoa kwenye uzi wa kushonea kofia, nikaipitisha kwenye nta ya mshumaa ili isiote vinyweleo. Mshale ni mfupa wa ufagio wa makuti uliokwanguliwa kwa wembe mpaka ukawa mwembamba wa kutisha. Ilivunjika minne kabla ya huu.

Ardhi nilikuwa nimeiachia mwisho, na nilipoifikia nilikuwa najua tayari inataka nini. Mchanga uliochekechwa kwenye kitambaa, gundi ya mbao, kahawia hafifu, kisha kupaka kavu, yaani kwa brashi iliyofutwa karibu rangi yote, kwa rangi ya mfupa. Nyasi kavu ni usumba uliokatwakatwa. Majani yaliyoanguka ni majani ya chai, yaliyokwisha kupikwa na kukaushwa juani, yale mapana tu. Nimeyamwaga juu ya ukingo wa kisima pia, na mengine mawili yanaelea juu ya maji. Kisima kinachotekwa kila siku hakina majani ukingoni. Mikono ya watu na kamba huyafagia.

Na nyayo. Nilichonga ncha ya kijiti cha meno kuwa unyayo mdogo wa milimita 7, wa kulia, na kingine wa kushoto, nikaugandamiza mchanga ungali mbichi. Zinaingia kutoka ukingo wa mbele wa kile kipande cha mti, hatua fupi za mtu mwenye mtungi kichwani. Moja, mbili, tatu. Ya nne imegeuka upande, vidole vimezama kuliko kisigino. Baada ya hapo zinarudi zilikotoka, na nafasi kati ya hatua na hatua ni mara mbili ya ile ya kuja. Mtungi umelala pale, umepasuka shingo. Kila anayekishika kitako hiki anakishika kwa upande huo, na macho yake huanzia palepale penye unyayo wa nne.

Nilidhani nimemaliza. Nikakiweka rafu, nikakitazama siku tatu, na kila siku ukingo wa kisima ulinisumbua. Palikuwa na mifereji ya kamba, palikuwa na majani, lakini hapakuwa na chombo cha mtu wa mji ule. Siku ya nne nilikuwa jikoni nasaidia kuponda viungo vya pilau, mbegu ya giligilani ikapasuka katikati mbele yangu, ikabaki nusu duara tupu, nyembamba, ya kahawia, na mistari yake midogo. Kifuu kamili cha 1/32. Nikaitoa kwenye kinu kwa ncha ya kisu. Nikaipachika mpini wa kijiti, nikaufunga kwa unyuzi mmoja wa usumba, ikawa kata.

Nimeiweka juu ya ukingo, karibu na mfereji wa kamba uliozama zaidi, imefudikizwa. Maji ya kisima yana vanishi ya kung'aa, mgongo wa Liyongo una jasho, hata mtungi uliopasuka nimeupa unyevu kidogo mdomoni. Kata nimeiacha kavu.